Ndoo Tupu ya Mwanamvua

Nchi hii msiitafute kwenye ramani. Zamani ilikuwapo, lakini Idara ya Ramani ilipoambiwa ibane matumizi ilianza kwa kuacha kuchora mipaka, na tangu hapo hakuna ajuaye nchi inaanzia wapi. Wananchi wanajua tu inapoishia: mlangoni pa ofisi, saa sita na nusu mchana, afisa anapokwenda kula.

Katika nchi hiyo kulikuwa na Wizara ya Mapunguzo. Ilianza na chumba kimoja na karani mmoja. Kazi ya kupunguza ikawa kubwa, ikapewa jengo la orofa kumi na moja. Taa zote za jengo hilo huwaka mchana kutwa, ili mpita njia aone kwamba mle ndani watu wanafikiria namna ya kuokoa umeme.

Waziri mwenyewe, Mheshimiwa Balozi Daktari Mhandisi Ngwale, alikwenda ng'ambo mara sita kwa ndege kuhudhuria mkutano wa kupunguza safari za ndege. Huko alisikia kwamba nchi nzuri zimepunguza taka za majumbani kwa nusu. Aliporudi, kabla hajavua koti, alitangaza Operesheni Nusu. Kila nyumba ipunguze taka zake kwa nusu katika siku sitini. Nyumba itakayoshindwa itakatiwa umeme, ili ipate utulivu wa kutafakari.

Ukatolewa pia mwongozo. Ulikuwa na kurasa mia tatu na arobaini, zimechapwa upande mmoja tu ili upande wa pili upumzike. Kila nyumba ilipewa nakala tatu: ya kusoma, ya kutunza, na ya kumwonyesha mkaguzi. Kila nakala ilifungwa kwenye nailoni yake, na zote tatu kwenye nailoni kubwa.

Mwanamvua alipopokea zake alifungua nailoni, akaziosha, akazianika kwenye kamba. Kurasa alizichana moja moja, akazitumia upande uliopumzika kuchorea vipimo vya magauni. Alikuwa fundi cherehani, cherehani ya miguu. Aliona mwongozo umemfaa sana.

*

Mwanamvua hakuwa mtu wa mazingira. Neno hilo alilisikia redioni akalipuuza. Alikuwa tu mwanamke asiyetupa kitu chenye kazi. Maganda ya viazi na ndizi walikula kuku. Maji ya kuoshea mchele yalikwenda kwenye mchicha. Majivu yalisugua sufuria, yaliyobaki yakaingia shambani. Taa ilizimwa na aliyetoka wa mwisho, na asiyezima alirudishwa hata kama ameshafika njiani.

Chombo alichokipenda kuliko vyote ni kapu lake. Kapu la ukindu, pana, alilolijaza vipande vya vitambaa vya cherehani na blanketi kuukuu. Maharage aliyaroweka tangu jana yake, akayachemsha dakika ishirini tu, akaifunika sufuria vizuri, akaitumbukiza kapuni na kuiwekea mto juu. Baada ya saa tano maharage yalikuwa yameiva yenyewe, laini, bila mkaa zaidi na bila moshi.

Hilo la moshi ndilo lilikuwa kubwa. Binti yake Sikudhani, mwenye miaka tisa, alikuwa na pumu. Moshi kidogo tu, kifua kilianza kupiga mluzi. Kwa hiyo katika nyumba ile kulikuwa na kitu kimoja tu kilichotumia umeme kwa maana: mashine ndogo ya kuvutia dawa, iliyokaa kwenye rafu chini ya kitambaa cheupe. Asubuhi dakika kumi, jioni dakika kumi. Mama hakuhitaji umeme kwa lingine lolote. Kwa hilo alikuwa tayari kupigana.

*

Siku ya kupimwa ilifika. Mlangoni alisimama Afisa Mpimaji, Bwana Erasto Mkwizu, kijana mwenye suti na viatu vya kuchongoka. Nyuma yake walikuwapo mbeba mizani, msoma mizani, mwandishi, mpiga picha, na mtu mmoja ambaye kazi yake ilikuwa kuthibitisha kwamba hao wengine wamefika. Walikuja na magari matatu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Futeni miguu."

Walifuta. "Tumekuja kupima taka zako za msingi, tujue nusu yake ni ngapi," alisema Bwana Mkwizu. "Tuonyeshe."

"Sina."

"Mama, kila mtu ana taka."

"Basi tafuteni."

Walitafuta. Waliinama chini ya kitanda, wakachungulia nyuma ya banda la kuku. Waliikuta ndoo ya taka jikoni, ndoo ya bluu yenye mfuniko, wakaifungua kwa kishindo. Ilikuwa tupu na inanukia sabuni. Mbeba mizani aliipima hivyo hivyo, akatoa uzito wa ndoo, akatazama chini kwa aibu.

"Sifuri," alisema.

Mwandishi alifunua fomu yake mbele na nyuma. "Mkuu, sifuri haimo. Fomu inaanzia kilo nne kwa kila kichwa."

Bwana Mkwizu alifikiri. "Nusu ya sifuri ni ngapi?"

"Sifuri," alijibu Sikudhani kutoka mkekani, alikokuwa akifanya hesabu za darasa la nne.

"Umesikia, mama? Nchi nzima itapunguza. Wewe peke yako hutapunguza chochote."

"Nimepunguza miaka tisa, tangu huyu mtoto azaliwe."

"Hiyo ilikuwa kabla ya Operesheni. Kupunguza kabla ya kuamriwa ni kupunguza bila kibali." Akamgeukia mwandishi. "Andika: mkaidi."

Mwandishi aliandika. Mpiga picha alipiga picha ya ndoo, ya mbele na ya ubavuni, kama wanavyopigwa wahalifu. Macho ya Bwana Mkwizu yalitua kwenye rafu.

"Na hiyo inakula umeme."

"Hiyo inampa mwanangu pumzi."

"Umeme ukikatwa haitafanya kazi."

"Ndiyo maana nakuita bwana afisa," alisema Mwanamvua, "wakati ninalo jina lako jingine hapa mdomoni."

Alipewa siku saba. Yeye na mtoto walikuwa wawili, kwa hiyo ilitakiwa ionekane kilo nane za taka. Zikionekana, atapewa muda wa kuzipunguza kama raia wengine. Zisipoonekana, fundi wa umeme atapanda nguzo.

*

"Umejiponza mwenyewe, shoga," alisema jirani yake, Mama Tegemea, akicheka mpaka akashika ukuta. "Wewe na usafi wako!"

"Usafi si kosa."

"Ukurasa wa mia mbili na kumi, soma. Ah, samahani, umeukata mikono ya gauni."

Mama Tegemea yeye alikuwa mbele. Tangu tangazo litoke alikuwa akimenya viazi kwa maganda mazito kama kiganja, na mikate akinunua miwili miwili ili apate makaratasi. Mtaa mzima ulikuwa hivyo. Mzee mmoja, mtu mwenye akili zake, alionekana akimwaga uji uani na kumwita mkewe aje ashuhudie. Watu waliokuwa wakiokota chupa kwa ajili ya kutilia mafuta sasa walizipasua. Kila aliye mjanja alitaka kuanza na taka nyingi, ili kesho awe na za kupunguza.

"Mimi sitapasua chupa nzima," alisema Mwanamvua.

"Basi usipasue. Chukua zilizopasuliwa. Kaka yangu analima bustani kwa Waziri. Kila siku wanaleta lori huku kwetu, wanamwaga pale bondeni. Mshonee ovaroli lake, atakuletea gunia."

Mwanamvua alishona ovaroli. Gunia likaja. Ndani mlikuwa na chupa za maji zilizonywewa nusu, maboksi ya keki, mapaja ya kuku yaliyoumwa mara moja moja, na nakala kumi na nne za mwongozo wa Operesheni Nusu zikiwa bado ndani ya nailoni zake. Kilo nane na zaidi kidogo. Gunia lilikaa jikoni wiki nzima kama mgeni asiyesema anaondoka lini, na Sikudhani alikula akiwa ameziba pua.

Bwana Mkwizu alipokuja alilipima, akatabasamu meno yote. "Sasa umekuwa raia, mama. Siku sitini, nataka kuona kilo nne."

Alikuwa akiaga aliposikia harufu. "Kuna maharage hapa."

"Yapo."

"Moto uko wapi?"

Mwanamvua, ambaye kosa lake moja maishani ni kupenda kueleza kitu kinachofanya kazi, alinyanyua ule mto. Mvuke ulitoka. Afisa aliinama, akagusa, akaangalia chini ya kapu kutafuta waya. Hakuuona. Alitoka nje kupiga simu, na Mwanamvua alimsikia akisema, "Mkuu, linapika lenyewe. Hapana, halina chaji. Mwanamke wa kawaida tu."

Siku mbili baadaye walikuja na barua. Kapu limeteuliwa kwenda Maonyesho ya Taifa.

"Litarudi?"

"Litarudi likiwa na heshima."

Kesho yake alianza kushona lingine. Walilichukua hilo pia. Barua ya pili ilieleza kwamba kapu sasa ni mali ya Taifa, na kutengeneza linalofanana nalo ni kughushi.

*

Maonyesho yalifanyika uwanjani, mchana wa jua kali, chini ya taa zote za uwanja. Juu ya kila kiti kulikuwa na chupa sita ndogo za maji na bendera ya plastiki. Mwanamvua aliketi mstari wa mbele, amepewa kofia.

"Ndugu wananchi," alisema Mheshimiwa Ngwale, "kupunguza si jambo dogo! Kupunguza ni jambo kubwa! Na sisi tutaendelea kulikuza siku hadi siku!"

Watu walipiga makofi. Walisimama, wakaketi, wakasimama tena kwa sababu mkurugenzi wa Wizara alikuwa bado amesimama.

Kisha likatolewa kapu. Mwanamvua alilijua kwa kiraka chake tu, kwa maana lilikuwa limepakwa rangi ya dhahabu na kufungwa feni ubavuni, feni yenye waya mrefu mweusi. Mhandisi Mkuu alisogelea kipaza sauti. Alieleza kwamba wataalamu wake kumi na wawili walilichunguza kwa wiki tatu, wakagundua kasoro moja: kapu lilikuwa linabaki na joto. Kasoro hiyo imeondolewa. Sasa sufuria ikiingia mle hupoa kwa dakika nne.

"Na maharage?" aliuliza Mwanamvua kwa sauti.

"Hatua ya maharage itafuata," alisema Mhandisi Mkuu.

"Mheshimiwa, narudishiwa lini kapu langu?"

Waziri alimpungia mkono kwa upendo. "Mama huyu ana furaha mpaka hajui aseme nini!"

Makofi tena. Mwisho ilitolewa tuzo ya Nyumba Bora ya Taifa, na ikaenda, watu wote wakishangaa kama walivyoelekezwa, kwa Mheshimiwa Waziri. Nyumba yake ilikuwa ikitoa malori kumi na mawili ya taka kwa wiki. Sasa inatoa sita. Sita mengine yamepokewa kwa moyo wa kujitolea na wananchi wa bondeni.

Mwanamvua alivua ile kofia, akaitazama bitana yake. Kitambaa kizuri. Akaitia mkobani.

*

Yeye taka zake za kukopa zilimshinda kuziacha zikae. Chupa alizikata akaoteshea miche ya nyanya. Maboksi yakawa ya kuwekea nyuzi. Mifupa aliisaga akawapa kuku. Kufikia siku ya hamsini ndoo ilikuwa tupu tena, na akaanza kuogopa, kwa sababu alijua sasa ndoo tupu inavyosomeka serikalini.

Majirani walikuwa na hofu tofauti. Malori ya jiji yalikuwa yameegeshwa ili kuokoa mafuta, na taka walizozikusanya kwa bidii hazikuwa na wa kuziondoa. Siku zilizobaki ni tano, na kila nyumba inatakiwa ionyeshe nusu. Wakafanya walichoweza. Wakachoma.

Mtaa mzima ulichoma, siku tatu, nailoni na chupa na miongozo. Moshi ulikuwa mweusi na mzito, ukaingia kwenye matundu ya funguo. Mwanamvua alifunga madirisha na kutia matambara yenye maji chini ya mlango, lakini ndani nako alikuwa na jiko lake la mkaa, saa tatu nzima kwa sufuria moja ya maharage, kwa kuwa kapu lilikuwa mali ya Taifa.

Siku ya tatu, saa nne asubuhi, Sikudhani alianza kuvuta pumzi kwa mabega.

Mwanamvua alishusha mashine, akachomeka, akabonyeza. Kimya. Alibonyeza tena. Ndipo alipokumbuka tangazo la jana: kuanzia leo umeme utazimwa mitaani kote saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, ili Taifa lifikie lengo.

"Mama," alisema mtoto, kisha akaacha kusema, kwa sababu maneno yalikuwa yanamla pumzi.

Hakulia wala hakumwita mtu. Alimfunga mtoto mgongoni kwa kanga mbili, kama alivyokuwa akimbeba alipokuwa mchanga, akaishika mashine mkononi, akatoka kwenye moshi akitazama juu. Katika mji mzima kulikuwa na mahali pamoja palipokuwa panawaka. Jengo la orofa kumi na moja, na juu yake maandishi ya taa nyekundu yakiwaka na kuzima: ZIMA TAA.

Askari wa mlangoni alinyoosha mkono. "Mama, una miadi?"

"Ninayo. Na hiki kifua."

Alimpita. Ukumbini, katikati, kwenye kabati la kioo, lilikuwapo kapu lake la dhahabu, na feni yake ikivuma. Chini palikuwa na soketi moja. Mwanamvua alipiga magoti, akachomoa waya mweusi, akachomeka wa mashine. Mashine iliunguruma. Akamvisha mtoto kifuniko cha pua na mdomo, akamkalisha kati ya miguu yake juu ya marumaru.

"Wewe!" askari alipiga kelele. "Umezima Kapu la Taifa!"

"Sasa litafanya kazi," alisema Mwanamvua, bila kugeuka.

Makarani walitoka maofisini wakasimama kwa duara. Mmoja aliuliza kama kuna fomu ya jambo hili. Mwingine alisema ipo, ila imeisha. Askari alitazama yale mabega madogo yakipanda na kushuka, akatazama kapu, akatazama dari. Kisha akageuka akaenda kulinda mlango, ambako hakuna aliyekuwa anaingia. Baada ya dakika kumi mabega ya mtoto yalitulia.

*

Asubuhi iliyofuata walikuwa kituo cha mabasi. Dada yake Mwanamvua, Mwanahawa, aliishi milimani, kwenye kijiji kisicho na umeme wala Operesheni, chenye hewa tu.

"Nitarudi lini?" aliuliza Sikudhani.

"Moshi ukiisha."

"Utaisha lini?"

"Taka zikiisha."

Mtoto alifikiri, kidole kikiwa kwenye kioo cha dirisha la basi. "Lakini mama, sisi hatukuwa na taka."

Mwanamvua alimfunga kifungo cha shingoni, kilichokuwa tayari kimefungwa. Basi likaondoka.

*

Siku ya sitini Bwana Mkwizu alikuja na watu wake wote. Mizani ililetwa lakini haikusomeka, kwa sababu Wizara ilikuwa imepunguza betri. Kwa hali kama hiyo mwongozo unaruhusu kuhesabu vichwa, kilo nne kila kimoja. Ndoo ya bluu hakuna aliyeifunua.

"Mlikuwa wawili," alisema Bwana Mkwizu. "Yule mdogo yuko wapi?"

"Nimempeleka kwa dada yangu."

"Moja kwa moja?"

"Mpaka hewa irudi."

"Tuandike moja kwa moja." Alipiga hesabu kwenye simu yake, akairudia kwa furaha. "Nane, nne. Mama! Nusu! Nusu kamili! Mtaa mzima wamekosea, huyu kazidisha, huyu kapunguza, wewe peke yako umepiga katikati. Unaona sasa? Ulikuwa unabisha bure."

Walimpigia makofi pale pale jikoni, watu sita. Akakabidhiwa Cheti cha Nusu, kikubwa kama sinia, kimefunikwa plastiki ngumu pande zote mbili, na picha ya Waziri akitabasamu.

"Na umeme wako," alisema Bwana Mkwizu, "hautakatwa. Hii ni ahadi ya Serikali. Tumia utakavyo."

Wote kwa pamoja walitazama rafu. Mashine ilikuwa pale, chini ya kitambaa chake cheupe, imekunjwa waya.

Walipoondoka, magari matatu, Mwanamvua alibaki na cheti mkononi. Alijaribu kukikata kwa mkasi mkubwa wa cherehani, mkasi ukateleza. Kuku walikidonoa mara moja wakamwangalia. Kisingeweza kupandwa kitu, wala kushika maji. Kukichoma hakutaka, moshi ulikuwa umetosha. Alikigeuza aone kama nyuma pameachwa weupe wa kuchorea, akakuta picha ya Waziri tena.

Alikigeuza tena, yeye ambaye hakuwahi kushindwa kukipatia kitu kazi. Kisha alikwenda kwenye ile ndoo ya bluu, akainua mfuniko, akakitupa.